Wimbi Lako Lilifika Kwangu

Papa,

Mfereji wako wa mabati, ule wa kujaribia mawimbi ya maji, bado uko uani, hapa Bagira. Tonton, ndugu yako, alitaka kuukata aezeke banda la kuku. Nilikataa. Kiti chako cha mlangoni hakuna anayekikalia, ingawa hakuna aliyekataza.

Nakuandikia kwa sababu ya kosa langu. Unakumbuka Jumamosi ile tulipojaza maji, kina cha vidole vinne, kila mtu akashika ubao wake wa kusukumia maji, mimi upande wa jiko, wewe upande wa lango. Jirani akachungulia: "Papa Prof, bata wako wapi?" Ukamjibu, "Wanakuja, maman, ngoja." Tukasukuma. Mimi kidogo, wewe kwa nguvu. Vilima viwili vya maji vikakutana katikati, vikawa kimoja kirefu, kisha vikaachana, kila kimoja na umbo lake.

Redioni, katika kipindi changu cha Jumapili, nikatangaza kwamba mawimbi yaligongana na kila moja likarudi lilikotoka. Ulinipigia simu kipindi hakijaisha, ukiniita maman kama kawaida yako. "Maman, wimbi yako ilikuwa mutoto. Ile yenye ilikufikia ilikuwa muzee. Ile iko yangu. Zilipitana. Sahihisha." Ukaongeza kwamba kukutana huko huacha alama ndogo tu: kila wimbi hufika likiwa limechelewa kidogo kuliko kama lingesafiri peke yake.

Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na habari zake. Kisha ukaugua. Kila nilipoingia hospitalini uliuliza, "Umesahihisha?" Bado, Papa. Mara ya mwisho hukuuliza.

Jana nilijaza maji peke yangu, nikasukuma wimbi moja. Likaenda hadi upande wako, likagonga bati, likarudi mikononi mwangu. Uliwahi kunieleza: wimbi likirudishwa na ukuta, maji hufanya sawasawa na kama wimbi jingine la kimo kile kile limetoka ng'ambo, na mawimbi hayo mawili yakapitana. Najua ni bati, Papa. Niliuchunguza mwisho ule kwa mkono.

Nikasukuma tena mara kumi na moja.

Jumapili nitasoma sahihisho kabla ya habari nyingine yoyote. Nitasema mawimbi yetu yalipitana, na kwamba lile kubwa lililonifikia lilikuwa lako.

Pumzika sasa. Nimechelewa kidogo. Ulisema ndivyo huwa kwa waliokutana.

Binti yako,
wa upande wa jiko