Ulinzi Upi?

Usipige simu, sina sauti. Soma tu.

Nimetoka sasa hivi msibani kwa yule jirani yangu, fundi cherehani. Binti yake aligongwa na gari juzi akitoka shule, na dereva hakusimama hata kuangalia.

Wakaniambia niombe. Unanijua, kwenye vikao vyote mimi ndiye wa sala. Nikafumba macho, mdomo ukaanza kwenda wenyewe kama kawaida yake. Nikajisikia nikisema, "Tunakushukuru kwa ulinzi wako juu ya nyumba hii."

Ulinzi. Nyumba ile. Sare ya mtoto bado iko kwenye cherehani, pindo halijaisha, sindano imezama kwenye kitambaa.

Fundi akasema taratibu, "Ulinzi upi, dada?"

Hakufoka. Afadhali angefoka. Mama mkwe wake akamshika mkono, akamwambia asimkufuru Mungu.

Akamjibu, "Simkufuru, mama. Kama nisingemwamini ningemuuliza nani? Alimwona yule dereva anakuja. Alimwona."

Mimi nimesimama tu. Ulinzi, jamani. Nikaona bora nimalize, nikafungua mdomo niseme amina.

Fundi akaniinulia kiganja. "Usifunge sala, dada. Mwache kwanza ajibu."

Basi tukakaa. Watu wameinamisha vichwa, macho wazi, tunasikiliza bomba la uani linavyodondosha maji. Mmoja mmoja tukaanza kuondoka.

Nimeshafika kwangu, viatu sijavua. Ile amina bado ninayo mdomoni.