Simu kwa Mama Kiprono

Mjukuu wangu Neema,

Hapa ughaibuni, Brooklyn Center, nyanya yako hajambo. Mimi sasa ni wa kitandani. Umeuliza kama usomee shahada ya pili ya usimamizi wa michezo vyuoni, kama mimi.

Nikiwa mwanafunzi, ofisi ya michezo ilinituma nimpigie simu mama yake Kiprono, mkimbiaji wetu, nimweleze jeraha lake na kumuuliza kama akimbie. Mfupa wa mguu wa Kiprono ulikuwa na ufa. "Mama akisema nipumzike, nitapumzika," aliniambia. Sikutaka kumtia mama hofu, nikasema kijana ni mzima. "Basi akimbie, baba," mama akacheka. Nikaripoti kwamba mama amekubali.

Kiprono alikimbia, na anachechemea hadi leo, na kila Jumapili huniletea chai ya maziwa kwenye chupa. Hajui.

Soma, Neema. Kazi ni nzuri. Jumapili hii nitamwambia kabla hajamimina.

Babu yako