Ukuta wa Nyuma ya Kabati

Jumatatu, 3 Juni

Nimejipa kazi ukweni. Mke wangu ndiye aliyeanza: chumba cha mama yake kipakwe upya, labda atakubali kurudi kulala humo. Tangu baba mkwe afariki mwaka jana, mama mkwe analala kwenye kochi sebuleni. Anasema akiamka chumbani, kitu cha kwanza kuona ni kabati la marehemu, na siku inaharibika hapo hapo. Shemeji — kaka yake mke wangu, mwenye cheo na mdomo — akasema basi tutafute fundi. Mbele yangu! Fundi rangi nimekaa pale nakunywa chai! Nikadakia: fundi huyu hapa, na rangi nitaleta mwenyewe, itatosha wala haitazidi. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kupima. Mama mkwe akanifungulia mlango wa chumba: ingia baba, pima. Miguu ikagoma. Chumba cha mama mkwe! Kitanda chake, nguo zake zimetundikwa. Nikasema hakuna haja mama, jicho langu ni futi. Uongo mtupu. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapima ukuta kwa nje kama mwizi anayetafuta pa kuingilia.

Urefu mita nne, upana tatu na nusu. Kimo nikachukua cha sebuleni, mbili na nusu. Kuta nne, toa mlango, toa dirisha. Halafu nikatoa na pale penye kabati — mke wangu anasema limejaa ukuta karibu wote na limekaribia dari. Nyuma ya kabati hatupaki. Nani atachungulia? Ndiyo tabia yetu mafundi, tusidanganyane. Mikono miwili, yaani kupaka na kurudia, lita moja kwa mita kumi za mraba... lita sita kasoro kidogo. Nikasema sita.

Mama mkwe kachagua njano ya siagi. Muuza rangi akaniuliza, chumba chenyewe umekiona? Changanya rangi bwana, nikamwambia, acha maswali.

Alhamisi, 6 Juni

Kabati halipo!

Mama mkwe kampa jirani, limebebwa kabla sijafika. Anasema hilo ndilo lililokuwa linamfukuza chumbani, sasa liende. Na pale lilipokuwa — kijani! Kijani iliyokoza, imesimama kutoka sakafuni hadi karibu na dari, kuta nyingine zote krimu. Kumbe fundi aliyenitangulia naye alipaka kwa kulizunguka kabati. Sisi ni wale wale.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: mama, rangi haitoshi, na hii kijani inataka rangi ya kuanzia kwanza, isije ikachungulia. Maneno machache tu. Lakini shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. Vipi shem, jicho linasemaje? Nikasema inatosha, hata itabaki.

Kuta tatu zilipata haki yake. Ule wa kabati nikaupaka mabaki. Niliongeza maji kwenye kopo, nikaongeza tena. Ikiwa mbichi ilifunika vizuri. Nikafungasha vitu mbio mbio kabla haijakauka. Mama mkwe akanisindikiza hadi barabarani, akaniombea dua. Dua!

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe kalala chumbani! Mke wangu anaimba jikoni. Kanipakulia nyama nyingi kuliko watoto. Nimekula nimeinamisha kichwa.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe karudi kwenye kochi. Anasema kabati limerudi. Kila asubuhi akifumbua macho analiona, palepale, na milango yake. Shemeji alikwenda jioni, akawasha taa, hakuona kitu. Mke wangu alikwenda mchana, naye hakuona. Ukuta msafi kabisa, kaniambia, umefanya kazi nzuri mume wangu, tatizo ni mama.

Nikajifanya natafuta kiatu.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda asubuhi, nikasingizia nimesahau brashi. Safari hii niliingia chumbani bila kuambiwa mara mbili. Nikakaa ukingoni mwa kitanda chake — mimi niliyeona haya hata kuvuka kizingiti! Jua lilikuwa linaingia dirishani kwa ubavu.

Lipo. Kijani inachungulia chini ya njano yangu, na kingo zimenyooka, upande huu na upande ule. Hata milango aliyoisema nimeielewa: michirizi miwili ya rola ya kupakia, pale rangi ilipokuwa majimaji zaidi. Jua lilipopanda kidogo, likaanza kufifia. Mchana huwezi kuliona. Jioni na taa, ndiyo kabisa.

Mama mkwe akaingia nyuma yangu. Akaniuliza, unaliona baba? Sauti ndogo, kama anaomba kitu. Nikajibu kwamba macho yangu hayajauzoea mwanga ule. Ndivyo nilivyosema! Fundi mzima!

Akasema, basi tatizo ni mimi. Akaenda kunichemshia chai.

Sijawahi kujichukia hivi.

Alhamisi, 13 Juni

Shemeji kaamua. Mama hawezi kuishi peke yake, akili zimeanza kumruka. Jumamosi anamhamishia kwake, nyumba itapangishwa. Mke wangu analia tangu jana. Anasema bibi yao alianza hivi hivi, kuona watu ukutani.

Nimenunua rangi ya kuanzia na lita mbili za njano. Nilipanga niende leo hii, nimwombe mama mkwe akae nje apunge upepo, nifunike ule ukuta kimya kimya. Nikajiona mjanja. Nimefika nusu ya njia ndipo akili ikanijia. Nikipaka, Jumamosi atawaambia lilikuwepo na leo halipo. Watatazamana. Nitakuwa nimemtia wazimu kwa brashi yangu mwenyewe!

Nikageuza. Mke wangu kaniuliza makopo haya ya nani. Ya mteja, nikasema. Uongo sasa unatoka wenyewe, hata siusukumi.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi. Niko nyuma ya nyumba ya mama mkwe, nimekaa juu ya ndoo. Daftari nimekuja nalo, sijui nilidhani nitafanya nini nalo. Nimesema naenda kujisaidia. Maji yamenifika shingoni.

Gari limeshafika. Kochi liko nje, masufuria yako kwenye maboksi. Nilijaribu, jamani. Nilipokuwa nabeba godoro na mke wangu nikamwambia, sikiliza, ule ukuta, ile rangi... Akanikata: mambo ya rangi baadaye, shika huku, usiliburute. Nikashika huku. Sikuliburuta.

Shemeji anapanga vitu ndani ya gari na kupiga simu. Mama mkwe hataki kupanda. Nawasikia kupitia dirisha la chumba, niko karibu nalo kabisa. Mke wangu anambembeleza, twende mama, jua litakuwa kali. Yeye anasema haondoki kabla hajaagana na mkwe wake. Anasema katika nyumba hii, ni mimi peke yangu niliyekaa kitandani pake nikaangalia. Wengine wote walimcheka.

Shemeji kaniita mara mbili. Nimesikia hatua zake zinaingia chumbani, anauliza huyu bwana kaenda wapi. Sasa wote watatu wamo humo. Jua limeshafika dirishani kwa ubavu, kama Jumanne ile; wakiutazama ukuta sasa, wataliona.

Mama mkwe kasogea dirishani, ananiita mwenyewe, taratibu, kama anayeogopa kunisumbua. Njoo baba, anasema. Njoo tu tuagane, sitakuuliza tena habari za kabati.