Kamba ya Antene

Majengo, Goma

Papa mupendwa,

Pokea salamu zetu toka nyumbani. Mama ni muzima, kikohozi kimepungua, mimi pia niko salama. Tunatumaini baridi ya Butembo haikuzidi na maharagwe yako yamepata munuzi. Barua hii nimempa Achille dereva. Usimuulize kitu, hajui. Ningekupigia simu, maana sasa rezo imejaa mpaka jikoni, lakini unajua mudomo wangu. Hata shuleni, Kifaransa ninakiandika vizuri; nikisimamishwa niongee, ninaangalia viatu.

Papa, kuna jambo. Jana kle nzito ya fundi, ile ya kukazia nati, ilianguka toka juu ya ile antene uliyowakubalia watu wa simu waisimamishe katika parseli yetu. Ilitoboa paa la manjanja la nyumba ya jirani yetu Mama Mahoro, ikavunja kitanda pale kati. Benny, mutoto wake wa mwisho, alikuwa ametoka tu kuinuliwa pale ili anyonye. Godoro lilikuwa bado na joto lake. Niliweka mukono pale mimi mwenyewe.

Mama Mahoro alikimbia kwa Papa Chabani, shefu wa avenyu, kle mukononi, Benny mugongoni, akasema kama Mungu hataki mutoto wake afe, antene nayo iache kujaribu. Papa Chabani alimuhurumia, lakini akasema hana la kufanya. Akaeleza sheria mbele yetu wote: antene haisimami kama kuna nyumba karibu nayo kuliko urefu wa antene yenyewe, mpaka mwenye nyumba akubali. Anayekaa ndani ya duara la urefu huo ana haki ya kukataa. Anayekaa nje hana. Na nyumba ya Mama Mahoro ilipimwa, ikapatikana nje.

Niliposikia hivyo nikakaa chini pale pale. Mama akaniuliza kama nina malaria.

Siku walipokuja kupima, wewe ulikuwa umekwisha kusafiri. Ajenti wa watu wa simu alikuja na kamba yenye urefu wa antene. Yeye alishika ncha moja katikati ya parseli. Mwenzake alikuwa na rangi na burashi, basi ncha ingine wakanipa mimi. Nikazunguka nayo, na kila niliposimama yule mwenzake alinifuata akapaka jiwe rangi nyekundu. Nilipofika nyuma ya ua, Mama Mahoro alikuwa mulangoni pake, ananiangalia. Papa, unajua kwetu hapa rangi nyekundu inasema nini: wamepima, wamepaka, kesho wanabomoa. Yeye walikwisha kumubomolea hema kule kambini Mugunga. Mabao ya hii nyumba yake ya sasa aliyabeba kichwani. Na kamba ingenyooshwa yote, ingepita ukuta wake, ingefika mpaka kitandani. Hakuna aliyenieleza duara lilikuwa la nini, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Nikaizungusha kamba mara mbili mukononi mwangu, ikaishia mbele ya ukuta. Mwenye rangi alikuwa bado nyuma. Alipofika, akapaka jiwe nililosimama. Nilijiona nimemuokoa.

Ni mimi, Papa. Ni mimi nilimuweka nje.

Leo asubuhi nilikwenda kumwambia. Nilikuwa nimetayarisha maneno, yote yakapotea, nikaonyesha tu kwa mukono vile nilikunja kamba. Nikangoja kofi. Akakaa juu ya jiwe, akasema ule mukono aliuona. Siku ile, pale mulangoni, alikuwa anaomba Mungu nikunje zaidi. Halafu akasema mimi ni mujinga, na yeye ni mujinga kunipita maana ana watoto wanne. Tukacheka vibaya, kisha tukalia.

Tulikwenda pamoja kwa Papa Chabani. Niliongea kwa sauti, Papa, bila kuangalia viatu. Jumamosi wanapima tena. Mimi nitashika ncha, na Mama Mahoro atanishika mukono.

Mama anasema uliitegemea sana pesa ya kodi ya ile antene ili umalize ukuta wetu, na kwamba utakasirika. Kasirika, Papa. Ila usiniombe nikunje.

Tusalimie shangazi na wote wa pale. Mama anakukumbusha koti lako. Mungu akulinde kwa ile barabara, tukuone muzima.

Mutoto wako,
Olive