Shida ya Kutunga

Jumanne, Ukunda

Bado nashangaa. Leo chuoni tulifanya mazoezi ya unasihi wawili wawili. Mwanakombo alikuwa mnasihi, mimi mwenye shida ya kutunga. Nikajifanya mwanafunzi aliyechoka na masomo.

Alinisikiliza, kisha akauliza taratibu, "Na nyumbani, nani anajua kuwa umechoka?"

Nikamtaja marehemu baba, sauti ikakatika. Tangu tumzike kule Waa sikuwahi kumlilia. Leo nimemlilia mbele ya mtu ambaye kila siku tunataniana.

Hakuninyamazisha. Alingoja tu, hata nikapumua. "Pole, dadangu. Endelea ukitaka."

Nikaendelea. Sikujua kuwa mtu akinyamaza hivyo anaweza kumbeba mwenzake.

Kesho zamu ya kusikiliza ni yangu. Sijui kama nitaweza kungoja vile.