Hostia za Mangina

Masika mujukulu wangu,
Salamu kwa wote kule Kinshasa. Huku Butembo tuko, muguu ya babu yako imepona. Uliniuliza kama Yesu iko kweli ndani ya hostia, ule mukate padiri anabariki mu misa.

Wakati vita ilifika Mangina, padiri alikuwa amekwisha kimbia. Katekista akafungua tabernakulo, kale kasanduku ka hostia, akasema: "Tukule zote, basoda basikanyage Bwana." Akapatia hata Kavira, jirani yetu Muprotestanti. Tulikuwa na njaa. Mpaka leo sijue kama tulipokea komunyo ao tulikula tu sawa chakula.

Mu njia ya pori Kavira akaniuliza: "Ni Yesu kweli nimekula?" Nikajibu ndiyo, bila kuwaza. Siye Bakatolika tukaendelea kukimbia. Yeye akaanza kutembea pole pole, mukono ku tumbo, sawa mama mwenye mimba.

Miye nyanya yako, Katungu