Sauti Yako Katika Kinywa cha Mrogi

Malmö, Sweden
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza, kabla hasira haijanishika mkono. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia, unaipaka au umeifungia kabatini pamoja na ile ya mwaka jana? Na ng'ombe amezaa, au bado anawazungusha tu?

Kendi, dada yangu, najua ni wewe unayesoma, maana macho ya Mama hayashiki tena maandishi madogo. Msomee kila neno, kwa Kimeru, polepole. Usimfupishie. Ukifika mahali uone haya, meza mate uendelee.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku ni ile ile, jua linaripoti kazini saa tatu kama karani na saa tisa limeshafunga ofisi. Nakula, nalala, chumba kina joto. Shukrani kwa Murungu kwa hayo.

Lakini Mama, nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumatatu na hasira haijashuka. Alhamisi nilipokupigia simu kukueleza, ulicheka. Ulisema, "Hata wakinifanya mrogi, mradi wewe unakula." Halafu ukasema unaenda kufunga mbuzi, ukakata. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata.

Ulinielewa nusunusu, na kosa ni langu, nilikuwa naongea kwa pupa. Kwa hivyo naanza mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nataka uyasikie yakisemwa.

Unakikumbuka kibanda cha gemu cha Hassan pale Majengo, nyuma ya bucha? Mabati, tivii moja, benchi moja, na vijana kumi wanaosukumana. Wewe ulikuwa unauza uji barabarani hapo karibu, na mimi nikitoka shule nilikatiza uchochoroni usinione. Siku ulipogundua, uliingia na mwiko mkononi, uji bado unadondoka. Wenzangu wote wakainama. Lakini hukunipiga. Ulisimama ukaangalia ile tivii. Kijana mwenye upanga alikuwa anaondoka kwao, na mlangoni mwa nyumba ya kwanza alisimama nyanya mmoja anamwambia maneno. Diski yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya kunakiliwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kusoma yale maandishi. Tulikuwa tunabonyeza tu yapite tufike kwenye vita. Ukauliza huyo nyanya anamwambia nini. Tukasema hatujui. Ukatuona wajinga kabisa. Ukasema mtoto anaondoka nyumbani, nyanya atamwambia nini kingine, si anamwuliza kama amekula. Hassan alicheka mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo ukimaliza kuuza uji ulikuwa unakuja, unakalia mtungi uliopinduliwa, na unatuambia kila mtu kwenye gemu anasema nini. Mfalme ulimpa sauti ya chifu wetu. Mfanyabiashara akawa yule mama mshindani wako, anayetia maji mengi kwenye uji. Hakuna aliyeruhusiwa kubonyeza kabla hujafika. Mtu akijaribu, vijana wa Majengo wanamfokea: Mama Kinoti hajaja, toa kidole.

Miaka mingi baadaye, nikiwa huku, nililipata gemu lile limetafsiriwa. Unajua nyanya wa mlangoni alikuwa anasema nini? Alikuwa anasema duka liko upande wa kushoto. Basi. Nilicheka peke yangu, halafu nikawahurumia wote waliolicheza wakiwa wanajua kusoma.

Sasa, mwaka juzi tuliambiwa ofisini kila mtu aandike ni gemu gani lililomfanya awe mtengenezaji wa magemu. Wenzangu waliandika yale makubwa, ambayo kila mtu huku anayajua, na jinsi yalivyowafungua akili. Mimi niliandika kwamba langu siku zile sikulijua jina, kwa sababu sikuweza kulisoma, na kwamba nusu ya gemu hilo ilitungwa na mama yangu muuza uji. Walipenda sana. Wakabandika ukutani. Mkubwa wangu akasema tumweke huyo mama kwenye gemu letu jipya: ni gemu la mlima, na kuna nyanya anayewapokea wasafiri mlangoni kabla hawajapanda. Mama, nilifurahi mpaka nikashindwa kufanya kazi siku ile.

Ndipo nikakusumbua uende Embu kwa Kendi tukurekodi sauti, kwa kuwa chumba chake hakina kelele mchana majirani wakiwa kazini. Kendi akakufunika blanketi na simu ndani, kama mtu anayejifukiza mafua. Ukasema karibu, ukasema umekula, ukasema nenda salama. Mwisho nikakuomba useme chochote ambacho ungependa kumwambia msafiri. Halafu ukaniombea mimi. Ukasema kwa Kimeru, "Murungu umlinde Kinoti mahali ambapo mkono wangu haufiki." Nilikuwa nasikiliza kwenye laini.

Kisha wakatuma fomu, kurasa sita za Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuambia, Mama weka sahihi pale chini, ni mambo ya ofisi tu. Sikuisoma. Mimi ambaye ulinisomesha kwa uji, sikusoma. Hapo ni mimi mwenyewe ninayejikasirikia, na sitaki unitetee.

Wiki mbili zilizopita wakubwa waliamua gemu halitishi vya kutosha. Nyanya wa mlangoni akaondolewa. Mahali pake wakaweka mrogi anayekaa pangoni, ana kucha ndefu na macho meupe, na mchezaji akishindwa, mrogi anamwinamia na kumnong'oneza mpaka afe. Jumatatu nikapewa nijaribu. Nikavaa hedifoni. Anayenong'ona ni wewe. Wameipunguza mwendo sauti yako wakaifanya nzito, lakini ni wewe, na ni ile sala, na jina langu limo ndani.

Nilienda kwa mkubwa wangu na sikubisha mlango. Alinisikiliza vizuri sana. Huku watu wanakusikiliza vizuri sana, ndicho kinachonikera. Akasema hawana sauti nzuri kuliko hiyo. Akasema, "Hakuna atakayeelewa anachosema."

"Mimi naelewa," nikamwambia.

Akanieleza kwamba mimi ni mtu mmoja. Nikamwambia Meru nzima itaelewa, na Embu watashika zaidi ya nusu, na vijana wa Makutano watakuwa na gemu hilo mikononi kabla hata huku halijafika madukani, ninawajua. Watakusikia wewe, mama wa kwaya, unaroga watu kwa jina la Murungu. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaniuliza kama ningependa kupumzika kidogo.

Sasa sikia jambo ambalo sikukuambia kwenye simu. Kazi yangu katika gemu hili ni vifo. Mimi ndiye ninayehakikisha kwamba mtu akifa anaanguka sawasawa, na sauti inaisha anapofika chini. Ili nihakikishe, lazima nife. Jumatano nilikufa kutwa nzima. Kila mara wewe unaomba nilindwe, na kila mara nakufa, kisha naandika kwamba imefanya kazi vizuri. Saa tisa nilienda chooni nikalia. Kendi, usiruke hapo. Msomee.

Ndiyo maana kicheko chako cha Alhamisi kiliniuma. Najua unachoogopa. Kendi alikuambia kibali changu cha kukaa huku kimefungwa kwenye kazi hii, na ni kweli. Mkubwa wangu ameshaniambia kwamba sauti ikitolewa sasa gemu litachelewa, na mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, na watu watakumbuka ni nani aliyechelewesha. Hakunitisha. Alinieleza kwa upole, huku akinimiminia kahawa. Heri angenitukana, ningejua nimshike wapi.

Mama, maisha yako yote umekuwa ukisema mradi sisi tumekula. Ulisema hivyo siku ile askari wa mji walipokumwagia uji barabarani, ukaokota sufuria ukarudi nyumbani unaimba. Ulisema hivyo ukoo wa Baba ulipokunyima shamba la chini. Nimechoka na hilo neno. Nimekula. Nimeshiba. Nina tumbo, muulize Kendi, ameona picha. Huhitaji tena kudharauliwa ili mimi nile.

Na usiniambie kwamba mrogi wa kwenye gemu si kitu. Yule mjane wa ng'ambo ya mto alipoitwa mrogi, nani aliendelea kuchota maji kisimani kwake? Ni wewe peke yako, na debe lako, mchana kweupe, na mwaka mzima akina mama wa kanisa walikukalia mbali. Ulijua jina hilo lina uzito gani. Kwa nini likija kwako linakuwa jepesi?

Kama huwezi kukasirika kwa ajili yako, basi kasirika kwa ajili yangu. Sala ile hukuwapa wao. Ulinipa mimi. Ni yangu, na wameichukua wanaulia watu.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi moja. Safari hii nimeisoma mara tatu, na wakili wa chama chetu cha wafanyakazi ameisoma. Inasema kwamba wewe, mwenye sauti, hutaki itumike tena. Ile fomu ya kwanza inakupa haki hiyo mpaka siku gemu litakapotoka, na linatoka mwezi wa tatu. Mimi siwezi kuitia sahihi kwa niaba yako, nilijaribu wakakataa. Lazima iwe kalamu na mkono wako. Kendi akutafsirie mstari kwa mstari, na kama kuna mmoja hujauelewa, usiguse kalamu kwanza. Bahasha imebebwa na muuguzi mmoja wa Nkubu tunayesali naye huku. Anakuja likizo ya wiki tatu. Mrudishie yeye mkononi.

Wakinirudisha, nitarudi. Nitakodi chumba Makutano, juu ya duka lolote la misumari, na nitatengeneza gemu langu mwenyewe. Kazi ninaijua sasa, hawawezi kuninyang'anya kichwa. Usilale macho wazi kwa ajili hiyo.

Nisalimie Baba Mdogo Mutuma mwenye mashine ya kusaga, umwambie mkanda aliouomba nimeupata. Nisalimie Shangazi Karimi, mwalimu wetu wa Jumapili, na yeye umwambie ukweli wote kuhusu jambo hili, asilisikie kwa watu. Nisalimie mume wa Kendi, shemeji yangu mpole, na mtoto wao ambaye bado hajaniona. Na ukipita Majengo, mpe Hassan mkono wangu. Kati ya hao wote ninaowasalimu, yeye tu ndiye aliyekusikia ukiwa nyanya wa mlangoni, na nataka abaki akikujua hivyo.

Weka sahihi, Mama. Usinifikirie mimi na chakula. Na ukishaweka, niombee upya, Kendi akiwa ameizima simu.

Ni mimi mwanao,
Kinoti